Ukoko wa Tumbo la Mji

Hapo zamani, sogeeni karibu, na wewe mwenye kikohozi kohoa sasa hivi umalize, hapo zamani palikuwa na mji ukiitwa Vumbikuu, na watu wa mji huo walikuwa na adabu. Nasema adabu, si hii yenu ya kuitikia salamu huku mnatafuna. Mtu wa Vumbikuu alikuwa hapiti penye mlango bila kupiga hodi. Awe na haraka, awe na mtungi kichwani, awe anafukuzwa na ng'ombe, atasimama, atasema hodi, atangoja aambiwe karibu, ndipo aingie, na ng'ombe nyuma yake. Mahali pamoja tu aliingia kimya, napo ni kwake mwenyewe, maana nani anajipigia hodi? Lishikeni hilo, tutalihitaji mbele.

Katikati ya Vumbikuu palikuwa na uwanja. Haukuwa wa mtu, ulikuwa wa wote. Harusi pale, matanga pale, ngoma pale, watoto na mchezo wao wa kombolela pale. Pembeni palikuwa na banda, na ndani ya banda zilikaa sufuria za shughuli, na kubwa kuliko zote iliitwa Tumbo la Mji. Ukiinyanyua peke yako, kesho yake hata kikombe cha chai kinakushinda. Pilau ikipikwa humo, chini hubaki ukoko, rangi yake kama ya njugu zilizokaangwa, umekunywa mafuta yote na bizari yote. Watu walivaa, walijipaka manukato, wakaenda harusini wakisema wanakwenda kumwona bibi harusi. Waongo wakubwa. Walikwenda kwa ukoko. Na ukoko nao ulikuwa wa wote, yaani wa mwenye kiwiko kigumu.

Mpishi wa sufuria hiyo alikuwa Bi Shumbana, mjane, mfupi, mwenye mwiko mrefu kuliko yeye. Hakuna mtoto wa Vumbikuu aliyeolewa bila mkono wake. Na katika maisha yake yote ya jikoni hakuwahi kuunguza hata punje. Ukoko, ndiyo, ukoko ni ufundi. Lakini kuunguza, hapana, na neno lenyewe hakupenda litajwe mbele yake. Alikuwa na binti, kitinda mimba wake, jina lake Mize, na kwa miaka mingi alikuwa akiwaza jambo moja tu: siku atakayompikia Mize pilau ya harusi kwenye uwanja ule, juu ya mafiga yale yale aliyotumia mama yake kumpikia yeye. Akiwaza hivyo macho yalimlowa, akasingizia vitunguu.

Basi siku moja, mvua inamwagika, akatokea mgeni anaitwa Chande, na mkewe mjamzito wa kesho keshokutwa. Akaomba wajibanze bandani mpaka mvua ikatike. Nani atakataa? Mvua haijakatika, mke akajifungua humo humo katikati ya sufuria, mtoto wa kike, wakamwita Kibibi. Na mzazi hahamishwi mpaka arobaini iishe, hilo hata nyinyi mnalijua. Watu wakaleta uji, wakaleta nguo, Bi Shumbana mwenyewe akaja kumkanda mzazi kwa maji ya moto.

Arobaini ikaisha. Sasa nani amwambie Chande kwamba muda umefika? Seremala wa mji alidhani Jumbe, mkuu wa mji, ameshasema. Jumbe alidhani wazee wameshasema. Wazee walidhani Bi Shumbana ameshasema, maana mdomo anao. Bi Shumbana alidhani jambo la watu wote litasemwa na watu wote. Kwa hiyo halikusemwa na mtu.

Chande akatandika mkeka. Baada ya mkeka wakaja kuku. Kuku wakataka uzio. Uzio ukishakuwepo, mtu anaona aibu kuuacha mtupu, akapanda viazi, viazi vikatambaa mpaka katikati ya uwanja. Mwisho kabisa Chande akasimika lango. Lango gani, jamani? Miti miwili na ubao uliopinda, na pembeni yake pengo ambalo mbuzi alipita bila kujikuna. Lakini lango ni lango. Tangu siku ile watu wa Vumbikuu wakaanza kupiga hodi kwenye uwanja wao wenyewe, na Chande, mtu mkunjufu, akawa anawaitikia: karibuni, karibuni sana, jisikieni mko kwenu. Wakija kupika harusi walipiga hodi, na sahani ya kwanza wakampa yeye, maana mwenyeji hasahauliwi.

Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Alifagia. Alifukuza kunguru. Paa la banda, ambalo miaka yote lilikuwa linavuja na kila mtu akisema litaezekwa, yeye ndiye aliyeliezeka. Akakaa, akakaa, mtoto akatambaa, akasimama, akaanza kukimbia na kugombana na wenzake.

Sasa Mize akaposwa. Harusi ikapangwa baada ya mavuno, na Bi Shumbana akaenda uwanjani na furaha yake, akapiga hodi, akakaribishwa, akamweleza Chande tarehe. Chande akatabasamu. Akamwita Kibibi, akamwambia apanue kinywa, akatia kidole, akalitikisa jino la mbele. Likatikisika.

"Shangazi," akasema kwa upole, "hili likitoka, uwanja huu ni wangu. Harusi mtafanya, sitakunyima, mradi uniombe vizuri. Ila haya mafiga nitayang'oa, nataka kupanda mhogo. Na ndani ya Tumbo la Mji nitaatamisha kuku."

Bi Shumbana akarudi kwake bila hata kuaga, jambo ambalo Vumbikuu lilizungumzwa kwa muda mrefu.

Nieleze, maana naona wengine mmekunja nyuso. Vumbikuu walikuwa na sheria ya kale, sheria ya jino. Ukikaa mahali tangu mtoto anazaliwa mpaka anang'oka jino lake la kwanza, na mwenye mahali hakukugusa, basi pale ni pako. Sheria hiyo ilitungwa kwa ajili ya mashamba ya watu waliohama wakasahau kurudi, na ilikuwa sheria nzuri tu. Hakuna aliyefikiri kwamba mahali panaposahauliwa kuliko pote ni pale panapopitwa kila siku.

Watu wakaenda kwa Jumbe Mwinyikondo. Jumbe akajikuna kidevu, akasema Chande amesema kweli. Lakini sheria ile ile ina dawa yake. Mwenye mali akiingia bila hodi, akaketi mbele ya yule aliyekaa, jino likiwa bado kinywani, hesabu imekatika na mgeni ni mgeni. Na kwa kuwa uwanja ni wa wote, mwenye mali ni yeyote wa Vumbikuu. Mmoja tu anatosha. Na huyo atakayeuokoa uwanja, Jumbe akasema mbele ya watu wote, atapewa ukoko wa Tumbo la Mji, kila shughuli, maisha yake yote, mzima, bila kumegewa mtu. Watu wakameza mate kwa pamoja, ikasikika.

Rahisi, eti? Kuingia tu bila hodi. Jaribuni nyinyi kuota kwa lugha msiyoijua.

Jumbe alikwenda wa kwanza. Alijaza maji mdomoni ili asiweze kusema. Alipofika langoni akayameza, akasema hodi. Chande akamkaribisha, akampa kahawa. Seremala akazunguka nyuma, akapanda uzio, na alipofika juu, mguu mmoja huku na mmoja kule, akasema hodi, mti ukavunjika akaanguka upande wa nje. Mbuzi wa Jumbe yeye aliingia bila hodi, akaketi, akala viazi mpaka akashiba, na wazee walishinda kutwa wakibishana kama mbuzi naye ni mwenye mali. Wakakata kwamba angekuwa mwenye mali kama angekuwa anachangia kwenye matanga. Bi Shumbana alijifunga mdomo kwa kanga, akaikaza kwa mafundo mawili, akaenda kwa mwendo wa hasira. Hodi ikatokea puani. Chande akainua kichwa kutoka kwenye viazi vyake, akasema karibu, shangazi.

Kule ndani, Chande alikuwa anamlisha Kibibi miwa, mahindi ya kuchoma na karanga, asubuhi na jioni, ili jino lichoke. Kibibi naye akatafuna kwa magego ya nyuma, polepole. Watu walidhani ni mtoto mwenye adabu ya mezani. Hawakujua kwamba ana lake moyoni.

Harusi ikafika, na jino linaning'inia. Usiku wa kuamkia harusi Bi Shumbana hakulala. Alikaa kitandani akijiuliza: kuna kitu gani duniani kinachoweza kumsahaulisha mtu adabu yake? Akapata jibu, na jibu likamuumiza. Mpishi akisikia harufu ya pilau inaungua, hamwamkii hata Jumbe. Anakimbia. Angepita juu ya kaburi la babu yake. Basi ili aingie uwanjani bila hodi, ilibidi aunguze. Aunguze yeye, Bi Shumbana, na aunguze pilau ya Mize. Akalia, na safari hii hapakuwa na kitunguu cha kusingizia.

Asubuhi akapiga hodi, akakaribishwa, akawasha moto chini ya Tumbo la Mji. Akakaanga vitunguu, akatia nyama, akatia bizari, akatia mchele, akafunika. Kisha, badala ya kupunguza moto, akaongeza kuni. Akaongeza tena. Akatoka nje, akaenda kuketi barazani kwa Jumbe na wazee, mwiko mapajani, uso kama wa mtu aliyeuza mtoto. Wazee wakamwuliza anangoja nini. Akasema anangoja pua yake.

Lakini Chande hakuwa mjinga. Alimwona mpishi anaacha pilau kwenye moto mkali anatoka, akasema moyoni, hapa kuna jambo. Akatwaa uzi wa kushonea. Ncha moja akaifunga kwenye jino la Kibibi, ncha ya pili kwenye ubao wa lango. Akamketisha mtoto kwenye kigoda, uzi umenyooka, akamwambia asijitikise. Mnaona? Atakayelisukuma lango kuingia bila hodi ndiye atakayeling'oa jino, hata hajapata nafasi ya kuketi. Na atakayepiga hodi amepiga hodi. Chande akaketi kivulini, amefurahi, akaanza kupiga mluzi.

Sasa nimlete mtu mwingine. Huko msituni nyuma ya mji alikuwapo Dilunga, mrina asali, mzaliwa wa Vumbikuu lakini mwenye kukaa zaidi na nyuki kuliko na watu. Habari za jino alizisikia mara moja akazisahau. Siku hiyo alikuwa juu ya mti, mkono umo mzingani, kienge chake cha moshi kikazimika. Nyuki wakamwona. Dilunga akashuka bila kutumia matawi, akakimbia, na nyuki wote nyuma yake, na kila mrina anajua mambo mawili. La kwanza, moshi ndio dawa. La pili, ukifukuzwa na nyuki usifungue mdomo, hata kama unamwona mama mkwe. Akatupa macho mbele kutafuta moshi. Na moshi ulikuwapo, mweusi, mnene, unapanda kutoka katikati ya mji.

Barazani, pua ya Bi Shumbana ikatikisika. Akaruka na mwiko wake, akakimbia, wazee nyuma wanaburuta kanzu. Alikimbia kweli, hakumwamkia mtu. Lakini kabla hajafika, Dilunga akampita kama kitu kilichotupwa. Akafika langoni, hakusimama, hakusema, midomo ameikaza. Lango likaenda naye. Miti, ubao, vyote vikalala chini. Akaruka mafiga, akaona karai kubwa la maji ya kuoshea mchele, akajitupa, akaketi ndani yake maji yakimfika kifuani, mbele ya Chande kabisa, nyuki wakizunguka juu kwenye moshi wasijue la kufanya. Mmoja tu ndiye aliyejua. Akashuka, akamchoma Chande mdomoni.

Bi Shumbana akafika. Sufuria inalia, moshi machoni, moyo unampasuka, lango halipo hata la kugonga. Akasimama mahali palipokuwa na lango, akasema, "Hodi."

Ndiyo. Msinicheke mimi, mchekeni yeye. Alisikia neno linatoka, akajiziba mdomo kwa mkono, akatamani ardhi immeze. Chande akafungua kinywa amkaribishe, lakini mdomo ulikuwa umevimba kama andazi, ikatoka pumzi tupu.

Jumbe akawasili anahema. Jambo la kwanza aliuliza jino liko wapi. Wote wakamtazama Kibibi. Mtoto alikuwa bado kwenye kigoda, ametulia, kipande cha uzi kinaning'inia kidevuni. Akafungua kinywa. Jino lipo. Uzi alikuwa ameshautafuna kwa magego ya nyuma kabla Dilunga hajalifikia lango.

Uwanja ukapona. Jumbe akatangaza pale pale: hesabu imekatika, uwanja ni wa wote kama ulivyokuwa, mafiga yabaki, Chande ni mgeni na wageni hawapandi mhogo. Watu wakashangilia. Bi Shumbana peke yake hakushangilia, alikuwa ameifunua sufuria. Hapakuwa na pilau. Kuanzia juu hadi chini, Tumbo la Mji lote lilikuwa ukoko.

Hapo ndipo watu wakakumbuka zawadi.

Dilunga akanena wa kwanza, bado yumo karaini. "Mimi sijui habari za jino. Najua nimeingia sikupiga hodi, na nimeketi, na mpaka sasa nimeketi. Sheria haikuuliza nilikuwa nafikiri nini. Wenye kufikiri wote walipiga hodi."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali, maana walikuwa miongoni mwa waliofikiri.

Bi Shumbana akaweka mwiko chini. "Huyo amefuata moshi. Moshi ni wa nani? Nimeunguza chakula cha harusi ya mwanangu, mimi, ambaye mlisema nasikia wali ukilia. Kuanzia leo mtaniita mwunguzaji, na wajukuu zenu wataniita hivyo. Hodi nimepiga, sikatai. Lakini nimeipigia lango gani, na nani amenikaribisha? Hodi isiyo na lango wala karibu, hiyo ni hodi au ni kukohoa?"

Sauti ilimkatika alipotaja harusi, na Mize, aliyekuwa amesimama na hina mikononi, akaja akamshika bega.

Kisha Kibibi akashuka kwenye kigoda. Mtu mmoja akataka kumkataza, Jumbe akasema mwacheni. "Mimi ndiye niliyekata uzi," akasema. "Baba alisema uwanja ukiwa wetu wenzangu watapiga hodi wakija kucheza. Wameshaanza. Wanapiga hodi, halafu wananiamkia shikamoo, halafu wanarudi kwao. Sitaki uwanja. Nataka kombolela. Na sasa baba amenikasirikia, na sijui leo tutalala wapi."

Akanyamaza, na kwa kunyamaza akaufunga mdomo kwa nguvu, na jino likatoka lenyewe, akalitemea kiganjani. Kibibi akalitazama, akafanya afanyavyo mtoto yeyote: akalirusha juu ya paa la banda ili aote jingine zuri.

Hapo Chande akainuka. Mdomo ule wa andazi ulikuwa hauelewiki, mimi nawanyooshea tu. Alisema hivi: "Na mimi nataka ukoko." Watu wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu. Akangoja wamalize. "Chekeni. Jino limekwenda wapi?"

Wakatazama juu. Jino lilikuwa limekaa juu ya makuti, jeupe, linaonekana.

"Kabla sijaja," akasema Chande, "mngerusha jino hapo lingetumbukia ndani. Mlikuwa mnapikia mvuani na sufuria zina kutu. Miaka yote hii hakuna aliyekuja kwa ajili ya uwanja. Mlikuja kwa ajili ya pilau. Mngeokoa nini leo, kama mimi sikutunza?"

Jumbe alitazama viatu vyake. Mtu mmoja nyuma akauliza kama nyuki nao hawana haki yao, akaambiwa nyuki wana asali, wasilete tamaa.

Dilunga akasema ukoko ni wake na yuko tayari kuula hapo hapo karaini. Bi Shumbana akasema hautaki kwa kuula, anautaka ili aseme kwamba hakuunguza bure. Kibibi akasema yeye akipewa atawagawia wenzake, na Jumbe akamkumbusha kwamba zawadi ni bila kumega. Chande alisema tu kwamba familia yake ina njaa, kama watu wengine. Na Jumbe alikuwa ameapa mbele ya mji mzima: mtu mmoja, ukoko mzima, maisha yake yote. Wasingeweza hata kuukata vipande, maana ukoko ule ulikuwa na umbo la sufuria na ugumu wa sufuria.

Na wakati wanabishana, kwa mbali zikasikika ngoma. Bwana harusi anakuja, na wa kwao wote, wamefunga tangu jana kwa ajili ya pilau ya Bi Shumbana. Wakafika mahali palipokuwa na lango. Lango limelala chini, limekanyagwa, hata mbuzi asingesimama. Wao wakasimama. Wakapanga mstari, wakarekebisha kofia, wakasema kwa sauti moja, "Hodi wenyewe."

Bi Shumbana akafungua mdomo, akaufunga. Jumbe akafungua, akaufunga. Dilunga akazama mpaka puani. Chande akatazama pembeni. Kila mtu alijua kwamba atakayesema karibu amejifanya mwenyeji, na kwamba kuna mtoto mwingine anazaliwa mahali fulani Vumbikuu siku hiyo hiyo, bado hana hata jino moja la kuanzia hesabu mpya. Wageni wakapiga hodi tena. Mize akamminya mama yake mkono, akamnong'oneza kwamba ana njaa.

Haya. Mimi nimefika mwisho wa ninayoyajua, na nyinyi mna midomo. Yuko aliyeingia bila kujua. Yuko aliyejua lakini hakuweza kuingia. Yuko aliyeikata kamba iliyomfunga kwa baba yake. Na yuko mwizi aliyekuwa peke yake kufagia. Ukoko ni mmoja, na bwana harusi amesimama juani.

Je, nani alistahili ukoko wa Tumbo la Mji? Na huyo mliyemchagua, ndiye atakayewaambia wageni karibu, au mnangoja mwenzenu aseme?